Kwa Miguu Hadi Bagamoyo, Pamoja na Maximilian Kolbe

Jumatatu. Tegeta hadi Bunju

Tumeanza Tegeta baada ya misa ya asubuhi. Jumuiya yetu ndogo ndogo ina msimamizi wake, Mtakatifu Maximilian Kolbe, padre wa Polandi aliyeuawa katika kambi ya Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941. Kila mwaka siku hiyo ikifika tunasali, tunakula pilau pamoja, tunatawanyika. Mwaka huu tukaona haitoshi. Tukakubaliana twende kwa miguu hadi misheni ya Bagamoyo, na kila jioni tutakapolala katekista wetu atusimulie kipande cha maisha ya Kolbe, ili sikukuu itukute tunamfahamu huyu tunayemwomba atuombee.

Maana ukweli ni kwamba wengi wetu hatukumfahamu. Jina lake tunalitaja kila wiki, limechapishwa hata kwenye sare za akina mama, lakini ukimuuliza mwanajumuiya habari zake atakwambia "alikufa badala ya mwenzake", na hadithi inaishia hapo. Dakika ile alipotoka mstarini ilitanguliwa na miaka 47, nami ndiyo niliyotaka kuisikia.

Bango letu ni la kitambaa. Upande mmoja wa picha Padre Kolbe amevaa kanzu ya Wafransisko, miwani ya duara na ndevu ndefu. Upande wa pili amevaa nguo za mistari za wafungwa, hana ndevu. Juu yake kuna mataji mawili, jeupe na jekundu. Vijana wamelibeba kwa zamu, maana kusi ilikuwa inavuma na mti mmoja wa bango ulitaka kuwatoka mikononi kila lori la saruji la Wazo lilipopita. Tumetembea pembeni ya lami kwa mstari mmoja, rozari ikiongozwa na akina mama, tukapita Boko na kuingia Bunju jioni. Tumelala ukumbi wa parokia, mikeka chini.

Baada ya chakula katekista alianza. Kolbe alizaliwa tarehe 8 Januari 1894 Zduńska Wola, mji wa viwanda vya nguo katika sehemu ya Polandi iliyokuwa chini ya Urusi wakati huo. Jina lake la ubatizo ni Rajmund. Baba yake Juliusz na mama yake Maria walikuwa wafumaji, watu wa kipato kidogo. Mtoto alikuwa mtukutu. Siku moja mama alimkemea, akamuuliza atakuja kuwa mtu wa namna gani, na tangu hapo mtoto akabadilika hata mama akaingiwa na wasiwasi. Alipobanwa aeleze, akasema alimwuliza Bikira Maria swali lile lile la mama, naye akamtokea kanisani ameshika mataji mawili: jeupe la usafi wa moyo na jekundu la kifodini, yaani kuuawa kwa ajili ya imani. Akaulizwa anataka lipi. Akajibu anayataka yote mawili.

Mama huyo aliyaandika mambo hayo baada ya mwanawe kufa. Miaka yote ile aliyaweka moyoni, akimtazama mtoto anakua, anaingia utawa wa Wafransisko Wakonventuali na kupewa jina la Maximilian, anapelekwa Roma, anapata udaktari wa falsafa mwaka 1915 na wa teolojia mwaka 1919. Kila barua iliyofika nyumbani lazima aliifungua akilikumbuka taji jekundu. Akina mama wa jumuiya walitikisa vichwa kwa pamoja waliposikia hilo, na mmoja akasema, "Huyo mama naye apewe sikukuu yake."

Tarehe 16 Oktoba 1917, akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake sita walianzisha chama cha waamini kiitwacho Jeshi la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Aprili, akapewa upadre. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimeshamshika. Alikuwa akitema damu. Kati yetu yumo mama aliyemaliza dozi ya ugonjwa huo hivi karibuni, vidonge vya miezi sita, na alipolisikia hilo akauliza padre alitumia dawa gani. Katekista akamwambia dawa hizo zilikuwa hazijagunduliwa. Alikuwa anapelekwa milimani kupumzika na kupata hewa, akipata nafuu anarudi kazini. Kazi yote tutakayoisikia kesho aliifanya na mapafu hayo.

Jumanne. Bunju hadi Kerege

Tumevuka Mto Mpiji mapema, na kwa hiyo tumetoka Dar es Salaam, tumeingia Pwani. Mapinga tulinunua maji na ndizi. Malengelenge yameanza, mweka hazina amegeuka muuguzi, anazunguka na chupa ya spiriti na plasta.

Jioni Kerege tulisikia habari za Niepokalanów, mji wa watawa alioujenga Kolbe. Mwaka 1922 Kolbe alianza kuchapisha jarida dogo la kila mwezi, Rycerz Niepokalanej, bila mtaji. Likakua hadi likahitaji nyumba yake, na mwaka 1927 akatafuta kiwanja karibu na Warsaw. Mwenye ardhi alikuwa kabaila, Jan Drucki-Lubecki. Kabla mapatano hayajakamilika Kolbe alisimamisha sanamu ya Bikira Maria katikati ya shamba lile. Mashauriano yalipokwama, sanamu ikabaki pale pale, na mwishowe mwenye shamba akalitoa bure.

Hapo ukajengwa mji mzima wa watawa. Kufikia mwaka 1939 walikuwa zaidi ya 700: mabruda mafundi wa mitambo, wapiga chapa, washona viatu, wazima moto, wakulima. Jarida lilikuwa linachapwa nakala mamia ya maelfu kila mwezi. Walikuwa na gazeti la kila siku, na mwaka 1938 wakarusha matangazo ya redio. Kijana wetu anayesomea uandishi wa habari alisikiliza kwa makini kuliko siku ya kwanza. Kwake padre mgonjwa anayehesabu karatasi na wino kuliko anavyohesabu siku zake ni mtu anayemwelewa.

Halafu mwalimu mstaafu aliyemo katika msafara akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma kwamba gazeti lile la kila siku lilichapisha maneno mabaya juu ya Wayahudi, je, ni kweli? Katekista hakumkwepa. Ni kweli, alisema, na kwenye maandishi ya Kolbe mwenyewe mna sentensi ambazo leo hakuna padre angezisoma madhabahuni. Chuki ile ilikuwa imeenea Ulaya nzima, na watawa hawakuikwepa. Kisha akaongeza lililotokea baadaye: Wajerumani walipoivamia Polandi, Kolbe alikamatwa mara ya kwanza Septemba 1939, akaachiliwa tarehe 8 Desemba, akarudi Niepokalanów na kuifungua milango. Maelfu ya wakimbizi walipata chakula na malazi pale, na kati yao Wayahudi walikuwa wengi.

Ukumbi ulibishana kidogo. Wapo walioona swali lile lingesubiri siku nyingine, tusije tukaichafua hija. Mimi nilimshukuru mwalimu. Mtakatifu anayefichiwa kasoro ananiweka mbali naye, na huyu tulikuwa tunamfuata kwa miguu ili tumkaribie.

Nagasaki ilibaki kwa dakika chache kabla ya kulala. Kolbe alifika huko Aprili 1930, hajui Kijapani, na mwezi uliofuata jarida lake likatoka kwa Kijapani. Konventi aliijenga kwenye mteremko wa mlima, upande usioutazama mji, na watu walimshangaa kwa kuchagua mahali pabaya. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangukia Nagasaki, mlima ukaikinga nyumba ile, ikabaki imesimama. Yeye alikuwa amekwisha kufa miaka minne kabla.

Jumatano. Kerege hadi Bagamoyo

Jua la leo lilikuwa kali kuliko siku zote. Kutoka Zinga miguu ilikuwa inatembea yenyewe, hatuimbi tena, kila mtu na pumzi zake. Kiromo tukasimama kwenye kibanda cha madafu. Mwenye kibanda, mzee wa baraghashia, alikuwa amekaa kwenye kigoda anayachonga.

"Asalaam aleikum, mzee wetu. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba, karibuni. Mnatoka wapi na jua hili?"

"Tegeta, mzee. Tunakwenda misheni."

"Kwa miguu?" Akamwita mjukuu wake alete ndoo ya maji na kata, akina mama wanywe kwanza. Kisha akalitazama bango. "Huyu nani, kavaa kifungwa?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni padre, wakati wa vita ya Hitler alifungwa kambini. Mfungwa mmoja akatoroka, naibu mkuu wa kambi akachagua watu kumi wafe kwa njaa kwa ajili ya huyo mmoja. Mmoja wa wale kumi akalia akimtaja mke wake na watoto, na huyu padre akatoka mstarini akaomba afe yeye mahali pake.

"Walikuwa ndugu?"

"Hapana."

"Kijiji kimoja?"

"Hapana, mzee. Walijikuta tu wamefungwa pamoja."

"Na yule mwenye watoto, alitoka?"

"Alitoka. Ameishi hadi miaka 93."

"Alhamdulillahi. Akawakuta watoto wake?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza kwenye jumuiya. Nikamwambia mke alimkuta hai, lakini wanawe wawili wa kiume waliuawa kwa mabomu mwaka 1945, vita ikiwa inaelekea kwisha, kabla baba hajarudi nyumbani.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Akaushika ubapa wa panga, akaugeuza, akalichukua dafu jingine. Alitufungulia madafu ya akina mama na ya wagonjwa wa malengelenge, na mweka hazina alipotoa pesa, mzee akamwambia aziweke sadakani huko aendako.

Barabara iliyobaki nilikuwa namfikiria huyo aliyeokolewa. Sikuwa nimemfikiria kabla. Kwetu sisi jina lake ni sehemu ya hadithi ya Kolbe tu: mtu wa kumi, aliyelia. Anaitwa Franciszek Gajowniczek. Alikuwa sajini wa jeshi la Polandi.

Tuliingia Bagamoyo jua likiwa limelala. Njia ya kwenda misheni ina miembe mikubwa pande zote mbili, imeshikana juu, na ubaridi wake ulitupokea wote tukiwa tumenyamaza kwa uchovu. Mwenyekiti akaanzisha Salamu Malkia, sauti zikarudi.

Alhamisi, 14 Agosti. Misheni

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitua hapa Machi 1868 wakitokea Zanzibar, Padre Antoine Horner akiwaongoza. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na watu waliofungwa minyororo walishuka hapa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo mapadre walikuwa wanakwenda kununua watu sokoni, hasa watoto, ili wawape uhuru, na sehemu ya fedha ilitoka kwa watoto wa Ulaya kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu. Watoto wetu wa parokiani wamo katika shirika hilo hilo, Jumapili wanatembeza vikapu wakiwa na sare zao. Nilikuwa siijui historia hiyo ya vikapu vyao.

Asubuhi tumetembezwa. Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya masista, na ndani yake imewekwa minyororo. Nimekaa muda mrefu mbele ya pingu ya shingoni. Chuma chake ni kinene kama kidole gumba, na upande wa ndani, pale panapokutana na ngozi, kimelainika kuliko upande wa nje. Mtembezaji wetu hakueleza chochote kuhusu hilo, nami sikumuuliza.

Nje upo mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Kwenye shina lake kuna mnyororo umezamishwa na mti, kimebaki nje kipande kifupi tu. Kijana mmoja akaanza kupiga picha akisema hapa ndipo watumwa walipofungwa. Mtembezaji akamsahihisha kwa upole: mnyororo huo ulikuwa wa punda wa Bi Chevalier, mama Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa; aliuacha hapo, mti ukakua ukaumeza. Nilipenda usahihi wake. Mahali hapa pana mateso ya kutosha, hapahitaji kuongezewa.

Mnara wa kanisa la zamani tuliuona kwa haraka. Mwili wa David Livingstone uliwekwa humo Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500. Hilo peke yake lingetosha kuwa hija ya mwaka mwingine.

Kijiji cha Uhuru ndicho nilichotaka kukielewa. Waliokombolewa walikaa hapa, wakaozeshwa, wakapewa viwanja vya kulima, wakajenga. Kimbunga cha Aprili 1872 kikabomoa karibu kila kitu, wakajenga tena. Pango la Bikira Maria ni kazi ya mikono yao. Lakini waliishi kwa kengele ya misheni: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba. Wapo waliochoka nayo wakaondoka. Mtu amelipiwa fedha awe huru, halafu anapangiwa saa ya kulala. Mapadre wale waliyatoa maisha yao kweli, makaburi ni ushahidi, na bado sidhani aliyenunuliwa sokoni aliwahi kusahau kwamba alinunuliwa na nani.

Makaburini tulikwenda mchana. Misalaba imepangwa chini ya miti. Wengi wa waliolala pale walikuwa vijana, homa ziliwamaliza miaka michache tu baada ya kushuka melini. Dada mmoja alikuwa anapita kaburi hadi kaburi akihesabu umri kwa vidole. "Mama zao walipata habari lini?" akauliza. Katekista ndipo akatuambia kuhusu barua. Kolbe alikamatwa mara ya pili tarehe 17 Februari 1941, akafungwa gereza la Pawiak, Warsaw, na tarehe 28 Mei akapelekwa Auschwitz. Tarehe 15 Juni akamwandikia mama yake barua fupi: asihangaike naye wala afya yake, Mungu yuko kila mahali. Aliwaza kuhusu mama yule yule aliyelijua taji jekundu.

Jioni tukashuka ufukweni, kwenye msalaba wa mahali walipotua wamisionari. Majahazi yalikuwa yanarudi, watu wanashusha samaki ng'ambo kidogo. Katekista akatuomba wote wanaoweza tusimame hadi atakapomaliza, maana wafungwa wa jengo namba 14 walisimama uwanjani siku nzima mwishoni mwa Julai 1941, juani, wakisubiri kujua nani atakufa.

Kolbe alikuwa mfungwa namba 16670. Gajowniczek alikuwa namba 5659. Naibu mkuu wa kambi, Karl Fritzsch, alipita mstarini akichagua, huyu, na huyu, hadi wakatimia kumi. Gajowniczek aliposikika akimlilia mke na watoto, mtu mmoja akatoka mstarini bila ruhusa, jambo ambalo kwa kawaida lilijibiwa kwa risasi. Fritzsch akamuuliza ni nani. Akajibu kuwa ni padre Mkatoliki, na anataka kufa badala ya yule mwenye familia. Hakutaja jina lake, na Fritzsch hakuliuliza. Akamrudisha namba 5659 mstarini na kuandikisha namba 16670.

Waliingizwa chumba cha chini cha jengo namba 11. Hakuna chakula, hakuna maji. Tunayoyajua ya mle ndani tumeyapata kwa Bruno Borgowiec, mfungwa aliyekuwa mkalimani na karani wa jengo lile. Alisema sala na nyimbo zilisikika hadi vyumba vya jirani, wafungwa wa huko nao wakawa wanaitikia. Kila walipokuja kukagua, Kolbe alikuwa amepiga magoti au amesimama katikati. Kadiri siku zilivyokwenda sauti zikawa minong'ono. Baada ya wiki mbili walikuwa wamebaki hai wanne, Kolbe akiwa mmoja wao, na chumba kilikuwa kinatakiwa. Tarehe 14 Agosti wakachomwa sindano ya sumu. Borgowiec alimwona Kolbe akiutoa mkono wake mwenyewe huku akisali.

Hakuna aliyeketi hadi mwisho, hata mama wa vidonge. Yule kijana wa uandishi wa habari alikuwa ameushika mti wa bango kwa mikono miwili, na upepo ulikuwa umeshatulia.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria

Mwili wa Kolbe ulichomwa moto tarehe 15 Agosti, siku kama ya leo. Mtu aliyempenda Bikira Maria vile hana kaburi, na sikukuu ya Kupalizwa ndiyo siku ya majivu yake.

Kanisa lilijaa. Baada ya misa, kwenye chai, mwalimu akaleta swali lake la pili, na hili liliwasha meza nzima. Mfiadini ni mtu anayeuawa na wanaoichukia imani yake. Fritzsch hakumwambia Kolbe aikane imani. Alikuwa anataka watu kumi, na angemchukua yeyote. Basi Kolbe ni mfiadini kwa hesabu gani?

Nilikuwa sijui kwamba Kanisa lenyewe lilibishana hivyo hivyo. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mwenye heri mwaka 1971, lakini kama muungamadini, yaani mtu aliyeishi imani kwa ushujaa bila kuhesabiwa kuwa mfiadini. Alipofikia kutangazwa mtakatifu, waliopewa kazi ya kulichunguza jambo hilo hawakushawishika kwamba ni kifodini. Tarehe 10 Oktoba 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi mwenzake, akatoka mbele ya umati Vatikani amevaa nyekundu, na akamtangaza mfiadini. Watu wanamwita mfiadini wa upendo. Gajowniczek alikuwepo uwanjani siku hiyo.

Mimi nasimama upande wa Papa, na sababu yangu niliipata hapa Bagamoyo. Auschwitz ilikuwepo ili mtu awe namba, na namba moja ibadilishwe na nyingine bila hasara. Padre akautumia utaratibu ule ule wa kubadilisha namba, akamrudishia mtu mmoja mke wake na jina lake. Utawala ule ulichukia kabisa kitu cha namna hiyo. Kama kumwamini Kristo aliyekufa badala yetu siyo imani iliyokuwa inachukiwa pale, mimi sijui imani ni nini. Mwalimu alinisikiliza, akasema bado anafikiri. Akatukumbusha pia kwamba Waanglikana nao wamemweka Kolbe kati ya sanamu kumi za wafiadini wa karne ya 20 juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, na mmoja wa wale kumi ni wa kwetu Afrika Mashariki, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1977 zama za Idi Amin.

Mzee wa Kiromo alikuwa bado yumo kichwani mwangu, nikamtaja Gajowniczek. Huyu mtu alibaki Auschwitz miaka mingine, akahamishiwa kambi ya Sachsenhausen, vita ikamwachia huko. Akarudi nyumbani kwa Helena mke wake, watoto hawapo. Wale watoto aliowalilia. Alikiri kuwa kwa muda mrefu alisononeka kila alipomfikiria Kolbe. Kisha akaitumia miaka yake yote iliyobaki kuzunguka nchi mbalimbali akimsimulia mtu aliyempa miaka hiyo. Alifariki Machi 1995, akazikwa Niepokalanów.

Mama mmoja akasema angalau alilipa deni. Hapo nilishindwa kunyamaza. Kolbe hakumkopesha. Hakumwekea sharti la kuwa mtu mwema, wala la kusimulia, wala la kuwaona watoto wake. Hakupata hata nafasi ya kumwambia maneno mawili. Gajowniczek angeweza kurudi nyumbani, akakaa kimya hadi kufa, na asingekuwa amemdhulumu mtu. Ndiyo tofauti ninayoiona kati ya chumba kile cha njaa na kengele za Kijiji cha Uhuru, ingawa mapadre waliopiga kengele zile walikuwa watu wa Mungu. Mama alinitazama, akasema, "Basi kwa nini alihangaika hivyo mzee wa watu?" Katekista akamjibu kabla yangu: kwa sababu alimpenda.

Kosta ilikuja saa nane. Kiromo tulipita kwa kasi, kibanda cha madafu kilikuwa kimefungwa, ni Ijumaa. Ndani ya gari mwenyekiti alitoa daftari la jumuiya ili tupange mambo ya mwaka ujao. Nikaomba nia ya misa ya 14 Agosti isiwe ya Kolbe peke yake: waandikwe Franciszek na Helena Gajowniczek, wana wao wawili, na wafungwa tisa waliokufa na padre chumbani. Mwalimu akaomba waongezwe waliokombolewa Bagamoyo, pamoja na wale walioondoka kijijini. Mweka hazina akauliza hao wote watatajwaje kwa majina. Mwenyekiti akamwambia paroko atajua, yeye aandike tu, na akaanza kumtajia herufi za Gajowniczek moja moja.